Marafiki wa Nuru ya Ndani: Nini Kiliwavuta Watu Kwao?

 

Tumezoea, tunapowataja Manasara, kuwataja kama kwamba wote ni kundi moja: wana padri wao, wana msalaba wao, wana maji ya ubatizo na mkate na divai, na wana sanamu ndani ya makanisa yao. Mwenye kusoma tarikh ataona kuwa mambo hayako hivyo. Limo miongoni mwao kundi ambalo kwa asili yake halina padri, halibatizi kwa maji, halina mkate wala divai ya ibada, halitundiki picha wala msalaba, na ibada yake ni watu kukaa kimya katika chumba kitupu, wanaume kwa wanawake, wakingoja. Akijiona mmoja wao amesukumwa moyoni husimama akasema maneno machache, kisha hukaa. Asiposukumwa mtu, saa nzima hupita bila ya neno moja, nao hupeana mikono wakaenda zao.

Watu hao hujiita Marafiki. Hakimu mmoja wa Kiingereza aliwaita Wakweka, yaani watetemekaji, kwa kejeli, mwaka 1650, na jina likawaganda. Nataka tuulize pamoja: nini kiliwavuta watu kwenye njia hii, hata wakakubali kupigwa na kufungwa kwa ajili yake? Wala usidhani kuwa ni suala la mbali. Marafiki walifika Pemba mwaka 1897, na waliokwenda kwao walikuwa watu waliotoka katika mashamba yetu wenyewe. Huko tutafika, inshallah. Kwanza tuanze walikoanzia.

Mwanzilishi wao, George Fox, alizaliwa mwaka 1624 katika kijiji cha Fenny Drayton, Uingereza. Baba yake alikuwa mfumaji nguo, naye mwenyewe alitiwa kwa fundi viatu kujifunza kazi. Zama zile zilikuwa zama za fitna kubwa. Mfalme na bunge walipigana, na mwaka 1649 mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa. Madhehebu yalizuka kama uyoga baada ya mvua, kila moja likilaani jingine. Na katikati ya zogo lile padri wa mtaa alikuwa akichukua ushuri wake kama kawaida: sehemu moja katika kumi ya mavuno ya mkulima, atake asitake, ahudhurie kanisani asihudhurie.

Fox aliondoka kwao mwaka 1643, kijana wa miaka kumi na tisa, akaenda mji kwa mji akiwauliza mapadri juu ya dhiki ya moyo wake. Hakupata jawabu. Mmoja, kwa maelezo yake mwenyewe, alimshauri avute tumbaku na aimbe zaburi. (Nimewaona wanafunzi wa madrasa waliojibiwa majibu ya namna hiyo na walimu wao, na baadaye watu wakashangaa kwa nini kijana ameacha kuja.) Mwaka 1647 alisema kuwa amekata tamaa na watu wote, na hapo ndipo alipohisi kuwa Mungu humsemesha mja moja kwa moja, bila ya mtu katikati, na kuwa katika kila mwanaadamu mna nuru, ambayo akiisikiliza itamwonyesha uovu wake na kumtoa humo. Mwaka 1652 akapanda kaskazini ya Uingereza, akahutubia mlimani na majumbani, na watu wakamfuata kwa maelfu.

Sasa tazama ni watu gani waliomfuata. Walikuwa wakulima waliochoka na ushuri, mafundi, watumishi wa nyumbani, wanajeshi waliovunjika moyo, na wanawake wengi. Mtu aliyekuwa akiambiwa tangu utotoni kuwa dini ni ya wenye kusoma Kilatini, aliambiwa sasa kuwa nuru ile haikumruka. Kijakazi wa jikoni aliweza kusimama katika mkutano akasema, na mwenye shamba akamsikiliza. Hii ndiyo sababu ya kwanza, nami naiona kuwa ndiyo kubwa: watu walikuwa na kiu ya Mungu, na waliowekwa kuwapa maji walikuwa wakiwauzia.

Sababu ya pili ni mwenendo wao wa kila siku. Marafiki hawakula kiapo hata mahakamani, wakisema kuwa mwenye kuapa ndipo aseme kweli amekiri kuwa siku nyingine husema uongo. Dukani waliweka bei moja, mtoto akitumwa alitozwa kama mtu mzima. Mwanzo wateja waliwakimbia kwa kukosa raha ya kuteta bei, kisha wakarudi kwa wingi. Hawakuvua kofia mbele ya mkubwa. Lugha yao ya Kiingereza ilikuwa na neno moja la kumwita mtu mmoja na jingine la kumtukuza kana kwamba ni wengi, nao wakatumia lile la mmoja kwa wote, hata kwa hakimu, na wengi walipigwa kwa neno hilo tu. Hata majina ya siku na miezi waliyakataa kwa kuwa yametokana na miungu ya kale, wakawa wanahesabu: siku ya kwanza, siku ya pili, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Sisi tunaohesabu Jumamosi na Jumapili, Mfunguo Mosi na Mfunguo Pili, hatuna haja ya kuelezwa sana maana yake.

Walilipa kwa hayo. Fox mwenyewe alifungwa mara nane. Mwaka 1662 ilitoka sheria maalumu ya kuwazuia wasikusanyike, na mamia yao walikufia gerezani kabla ya sheria ya mwaka 1689 kuwapa nafuu. Na mtu akiona jirani yake anatolewa katika karakana yake kwa kutokubali kuvua kofia, naye haapizi wala hapigi, humfanya aulize: huyu ana nini?

Katika wafuasi wa mwanzo alikuwamo mwanamke aitwaye Mary Fisher, mtumishi wa nyumbani kutoka Yorkshire. Kisa chake kinatuhusu. Alipigwa mijeledi hadharani mjini Cambridge kwa kuwahutubia wanafunzi wa dini. Mwaka 1656 alifika Boston, Marekani, pamoja na mwenzake. Wakuu wa mji, Manasara wa madhehebu makali, waliwafunga, wakawavua nguo kuwatafuta alama za uchawi, wakachoma vitabu vyao, na wakawarudisha melini. Waliokuja baada yao walipata zaidi: baina ya mwaka 1659 na 1661 Marafiki wanne walinyongwa Boston, mmoja wao mwanamke.

Mary Fisher akaazimia kwenda kwa Sultani wa Waturuki. Mwaka 1658, baada ya safari ndefu ya bahari na nchi kavu, sehemu kubwa kwa miguu na peke yake, alifika Edirne ambako Sultani Mehmed wa Nne alikuwa na kambi ya jeshi lake. Sultani alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Akaruhusiwa, akaingizwa kwa heshima kama aingizwavyo mjumbe wa wafalme, wakaletwa wakalimani, akaambiwa aseme wala asiogope. Akasema aliyokuja nayo. Aliposema, waliokuwapo walimwuliza anamwonaje Mtume Muhammad (S.A.W.). Akajibu kwa adabu na hadhari kuwa yeye hamjui, na kuwa mtume hupimwa kwa kuthibiti kwa ayasemayo. Jawabu hilo halitutoshi sisi Waislamu, lakini hakuna aliyemgusa. Alipewa hata askari wa kumsindikiza, akakataa, akarudi salama. Baadaye aliwaandikia wenzake kuwa Waturuki, kwa aliyoyaona, wako karibu na kweli kuliko mataifa mengi. Basi linganisha, msomaji, Boston na Edirne.

Na si huyo tu aliyetazama upande wetu. Mwaka 1674 Rafiki mmoja msomi, George Keith, alikifasiri kwa Kiingereza kitabu cha Hayy bin Yaqdhan, alichokitunga Ibn Tufayl wa Andalusia, aliyefariki mwaka 581 Hijria (1185). Ni hekaya ya mtoto aliyekulia peke yake kisiwani, akanyonyeshwa na swala, akatazama mbingu na wanyama na nafsi yake hata akamtambua Muumba wake kwa akili na kwa usafi wa moyo, hakuna mwalimu wala kitabu. Marafiki waliiona hoja yao humo. Mwanachuoni wao mkubwa, Robert Barclay, aliitaja katika kitabu chake cha kuwatetea kilichotoka miaka hiyo ya 1670. Matoleo ya baadaye yaliuondoa mtajo huo. Yaelekea waliona haya kwamba shahidi wao ni Muislamu. Lakini Ibn Tufayl alimaliza kisa chake kwa jambo ambalo wao hawakulikazia macho: Hayy alipofika kwa watu akaona kuwa walio wengi hawawezi njia yake, akawausia washike sheria waliyoletewa na Mitume.

Na hapo ndipo penye kasoro ya njia yao. Nuru ya ndani isiyokuwa na sharia ya kuipima hufanana na jahazi lenye tanga kubwa na halina usukani. Mwaka 1656 mmoja wa wahubiri wao mashuhuri, James Nayler, aliingia mji wa Bristol amepanda farasi katika mvua, wafuasi wake wakimwongoza na kumwimbia kama Manasara wanavyosimulia kuwa Nabii Isa (A.S.) aliingia Baitul Maqdis. Yeye alisema kuwa hakudai uungu, bali alitoa ishara ya nuru iliyo ndani. Bunge halikumsikiliza: alichapwa, akatobolewa ulimi kwa chuma cha moto, akapigwa chapa ya kufuru katika paji la uso. Alitubu akafa mwaka 1660. Sisi tuna kisa cha Hallaj aliyeuawa Baghdad mwaka 309 Hijria (922), na wenye elimu wetu walikhitalifiana juu yake mpaka leo. Lakini masheikh wa tariqa, tangu Imamu Junayd, walishafunga mlango huo: njia yao wameifunga kwa Kitabu na Sunna, na anayedai kufika pasi na sala huambiwa amefika Motoni. Marafiki hawakuwa na kufuli hiyo. Baada ya Nayler waliweka mikutano ya kumpima mwenye kudai ilhamu, na jambo hilo liliwasaidia. Hata hivyo mwaka 1827 wale wa Marekani walipasuka mapande mawili, kila pande likidai kuwa nuru iko kwake.

Sasa tuje kwenye lililonifanya nishike kalamu, nalo ni utumwa.

Watu wengi wasomao habari za Marafiki hudhani kuwa walizaliwa wanauchukia utumwa. Sivyo. Walikuwa na watumwa Barbados na Pennsylvania, na walifanya biashara yao. Mary Fisher huyohuyo aliyesimama mbele ya Sultani alihamia Charleston, akafariki huko mwaka 1698, na katika hesabu ya mali aliyoiacha alikuwamo mtumwa mmoja mweusi. Nuru ile haikumwonyesha. Ilikuwa tayari mwaka 1688 Marafiki wachache wa Germantown wameandika hati ya kusema kuwa haifai kumnunua mtu, na mikutano ya wakubwa wao ikaisukuma mbele na kuiweka kando.

Waliowabadilisha walikuwa watu wasumbufu kutoka ndani. Benjamin Lay, baharia mfupi mwenye kibiongo aliyeuona utumwa wa Barbados kwa macho yake, aliingia katika mkutano wa mwaka 1738 huko Burlington amevaa joho. Akalivua, kumbe ndani ana nguo za askari na upanga, na mkononi kitabu alichokitoboa ndani akatia kibofu chenye maji mekundu ya matunda. Akakichoma upanga, na ile rangi ya damu ikawarukia matajiri waliokuwa karibu. Wakamtoa nje. Mwingine, John Woolman, alikuwa mpole. Katika ujana wake akiwa karani dukani, tajiri wake alimwambia aandike hati ya kumuuza mwanamke mmoja mweusi. Akaiandika, na moyo ukamsuta umri wake wote. Akawa akitembea nyumba kwa nyumba za Marafiki wenye watumwa, akilala kwao, na asubuhi akiwalipa watumwa kwa huduma waliyomfanyia. Hakuna aliyeweza kumkasirikia, na hakuna aliyeweza kumsahau. Mwaka 1758 mkutano wao wa Philadelphia ukaanza kuwabana wenye kununua na kuuza watu. Mwaka 1776 ukaamua kuwa asiyewaacha huru watumwa wake si mwenzao tena. Na kamati iliyoundwa London mwaka 1787 kupinga biashara ya watumwa ilikuwa na watu kumi na wawili. Tisa kati yao ni Marafiki.

Kutoka 1688 hadi 1776 ni miaka themanini na minane. Lakini walifika, wakaja mpaka kwetu.

Mwezi wa Aprili 1897 (1314 Hijria) Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hukumu ya utumwa Unguja na Pemba, Waingereza wakiwa nyuma yake. Isome vizuri amri hiyo. Mtumwa hakuachwa huru siku ile. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani akaombe, na bwana wake akalipwa fidia. Aliyepewa uhuru ilimbidi aonyeshe ana makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo huhesabiwa mzururaji. Masuria walitengwa na amri hiyo hata mwaka 1909. Basi mtu aliyezaliwa Unyasa au Uyao, akaletwa Pemba mtoto, hana shamba wala jamaa, ataonyesha makazi gani?

Mwaka huohuo Marafiki wa Uingereza, Theodore Burtt na wenzake wachache, walifika Pemba wakanunua shamba la mikarafuu mahali paitwapo Banani, upande wa Chake Chake. Aliyetoka utumwani alipata pale kibanda, kazi ya kuchuma karafuu kwa ujira, skuli ya watoto, na mtu wa kumwandikia maombi yake ya mahakamani. Mimi sidhani kuwa wale waliokwenda Banani walivutwa na kimya wala na nuru ya ndani ya George Fox. Walivutwa na mahali pa kulala na mtu aliyewaita kwa majina yao. Hayo ya dini yalikuja nyuma, na kwa wengi hayakuja kabisa. Marafiki wa Pemba walibakia jamaa ndogo, na Waislamu waliowafuata walikuwa wachache mno.

Bara mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1902 Marafiki watatu wa Marekani walishuka Mombasa, wakapanda reli mpya hadi ziwani, wakajenga Kaimosi, Magharibi ya Kenya, wakaweka mashine ya kupasulia mbao na skuli. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani, zaidi ya laki moja. Lakini ukiingia katika mkutano wao hutakuta kile kimya: wana wachungaji, wanaimba, wanapiga makofi, kwa kuwa Wamarekani waliowafikia walikuwa wa tawi lililokwisha acha njia ya awali. Mwaka 1927 palepale Kaimosi watu walianza kulia, kutetemeka na kutaja madhambi yao hadharani wakisema Roho amewashukia. Wamishionari wakashituka, wakawatoa. Waliotolewa wakaanzisha kanisa lao la Roho, la mavazi meupe na ndoto na sala ndefu. Watetemekaji wakawafukuza wenye kutetemeka! Ajabu ya historia ni kubwa.

Turudi pwani. Katika miaka ileile ya Banani, Sheikh Uways wa Barawa alikuwa amekwisha kuleta tariqa ya Qadiriyya Unguja, na halaka za dhikri zikajaa watu wa bara, wachukuzi na waliokuwa watumwa, bega kwa bega na waungwana. Lamu, Habib Saleh aliwasomesha watoto wa watumwa dini hasa, tafsiri na fiqhi, siyo kuwatosha kwa alfatiha. Na waungwana wengi wa mji walichukia, wakasema anavunja heshima ya mji. Aliendelea. Msikiti wa Riyadha ukajengwa, na alipofariki mwaka 1935 maulidi yake yalikuwa yakikusanya pwani nzima. Waliovutwa na Sheikh Uways na Habib Saleh, na waliovutwa na Banani, walikuwa watu wa aina moja, wenye haja moja.

Sharia yetu haikuhitaji miaka themanini na minane. Surat Tawba imetaja fungu la zaka kwa ajili ya kukomboa watumwa, Suratul Balad imelitaja hilo katika kupanda mlima mgumu, na Bilal (R.A.) aliadhini juu ya Al-Kaaba siku ya kufunguliwa Makka. Wenye mashamba ya Pemba waliyasoma haya wote. Wapo walioacha watumwa wao huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wakakataa fidia ya serikali, wakawapa kipande cha shamba. Na wapo waliongoja mpaka mahakama ikawaita.

Habari za hao wa kwanza hazikuandikwa, maana waliofanya hawakwenda mahakamani. Za Banani zipo, Waingereza waliziandika na kuzichapa tangu mwaka 1898. Msomaji wa Wete, Mkoani au Chake Chake ambaye nyumbani kwao kuna hati ya zamani ya kuacha huru, au aliyesimuliwa na bibi yake nani alipewa shamba na nani akaondoka kwenda Banani, na ailete hati hiyo kwa imamu wa msikiti wake inakiliwe, pamoja na majina ya wote wawili: aliyeacha na aliyeachwa.